Fundi Asiyeingia Ukumbini

Miaka ile, kama ulikaa Kariakoo na ukataka kwenda dansi Jumamosi, hukuwa na haja ya kusikiliza matangazo ya redio. Ulikuja kwenye baraza ya nyumba yetu, Mtaa wa Narung'ombe, ukamwamkia Fundi, ukakaa kwenye benchi, ukangoja amalize mshono aliokuwa nao mkononi. Halafu ulimwambia unakwenda dansi na nani. Wapi ilikuwa kazi yake yeye.

Na jambo lililonikera tangu mwezi wa kwanza nilipopanga pale ni hili: mtu huyu aliyeuchagulia mtaa mzima kumbi za muziki, mwenyewe hakuwa anaingia hata kwenye ukumbi mmoja. Nilimuuliza. Nilimuuliza tena. Mimi ni mtu wa kuuliza, mama yangu alikuwa akisema nitakuja kumuuliza mzimu jina lake. Fundi akachota pini tano sita kwenye kopo, akazibana mdomoni, akaendelea kushona.

Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake kubwa. Swali asilolitaka alilijibu kwa pini. Alikuwa mtu mfupi, kofia ya viua kichwani, futi kamba shingoni mchana kutwa hata akienda msikitini, mpaka mtu amkumbushe kuivua. Ukimkuta ana pini mdomoni ilhali hakuna nguo anayoibana, ujue kuna mtu kamuuliza habari za bendi.

Kwa maana Fundi ndiye aliyekuwa akishona sare za bendi. Siku zile karibu kila shirika la umma na kila kiwanda kilikuwa na bendi yake, na kila bendi ilikuwa na mtindo wake wa kucheza na sare yake. Mashabiki wa bendi hii na wa bendi ile hawakupikika chungu kimoja. Lakini wanamuziki wote, wa pande zote, walipanda baraza ile ile, wakanyoosha mikono mbele ya mzee yule yule. Na mwanamuziki akitaka kuhama bendi, mtu wa kwanza kujua hakuwa mkewe. Alikuwa Fundi, maana bendi mpya ilitaka aingie jukwaani na sare siku hiyo hiyo atakayohama. Alikuja kupimwa kimya kimya wiki mbili kabla, na huku bado anapiga kwa wale wa zamani. Ikivuja, basi. Wanamuziki walikuwa waajiriwa kama makarani. Mkubwa akijua unataka kutoroka, alikuwa na njia zake za kukuzuia. Kwa hiyo mdomo wa Fundi ndio uliokuwa duka lake. Cherehani hata mimi ningeweza kununua, kama zingepatikana.

Ndiyo maana hakuwa na daftari. Alisema daftari lina majina, na jina likishaandikwa limeshasemwa. Kila mteja alikuwa na kipande chake cha karatasi ya kaki, kirefu chembamba kama utambi, kilichokatwa kutoka kwenye mifuko ya sukari. Fundi alikipima mwilini mwa mtu, na kila kipimo akakitia mkato mdogo wa mkasi pembeni: shingo, bega, mkono, kifua, kiuno, mguu. Hakuna jina, hakuna namba. Vipande hivyo vilining'inia kwenye msumari ukutani, zaidi ya mia, na upepo ukipita vilichakarika. Mtu mwingine asingeona kitu pale zaidi ya takataka.

Sasa niseme mimi nilikuwa nani pale. Nilikuwa binti wa Newala, mpiga chapa kwenye shirika moja la umma mjini, na chumba nilipanga na Eliaika, binti wa Kilimanjaro aliyeuza kwenye duka la jumla la mjomba wake, mtaa wa pili. Dirisha letu lilifungukia barazani, nyuma kabisa ya kiti cha Fundi. Asubuhi tuliamshwa na cherehani, na jioni nikirudi kazini nilikaa kwenye benchi lake nikichambua mchele au kusuka nywele za Eliaika, nikimsikiliza. Miaka mitatu hiyo. Nilikuwa nikijiona mtoto wa mule.

Kuchagua ukumbi kwake kulikuwa na kanuni, na hakuona aibu kuzirudia. Ya kwanza, muziki husikilizwa saa kumi alasiri. Akimaliza sala ya alasiri alivaa viatu, akaenda kwenye ukumbi mmoja siku hii, mwingine siku ile, akasimama nje ya ukuta wakati bendi inafanya mazoezi. Hakusikiliza nyimbo, alisikiliza wanavyozungumza kati ya nyimbo. Bendi inayocheka mchana, alisema, Jumamosi nendeni. Bendi inayofanya mazoezi kimya kama matanga, hao wamegombana, watawapigia nyimbo za mwaka juzi.

Ya pili, mtazame bawabu. Akiwaita wasichana dada, ingieni. Akipiga mluzi, geuzeni hapo hapo, maana mlango ndio uso wa nyumba. Ya tatu ilikuwa sakafu. Saruji yenye mchanga ilikula soli, na viatu vya raizoni tulivyovaa siku zile, virefu kama matofali, vilimwangusha mtu. Na wakati wa masika hakumruhusu mtu kwenda kumbi za Magomeni hata bendi iwe imeshuka kutoka mbinguni. Bonde la Jangwani likijaa maji hakuna njia ya kurudi, mtalala kwenye benchi la kituo cha basi, alituambia, na raizoni zenu mmezikumbatia.

Lakini kanuni kubwa kuliko zote ilikuwa kwamba hakuna ukumbi mzuri wala mbaya. Ukumbi ni mzuri kwa nani? Wachumba waliokosana aliwapeleka Ilala, ambako uwanja wa kuchezea ulikuwa mdogo na lazima mgusane. Anayetaka kuonekana alimpeleka kwenye taa nyingi. Mjomba wake Eliaika, mwenye duka, mtu asiyejua kupumzika, alikuja siku moja akasema anataka kumtoa mkewe, miaka ishirini hajamtoa. Fundi akamwelekeza hoteli moja mjini, palipokuwa na bendi ya wazee wanaopiga taratibu kama wanabembeleza mtoto. Mjomba alisinzia kabla ya wimbo wa tatu, mkewe akanywa soda zake kwa raha akiangalia watu. Kesho yake mjomba alikuja juu, anadai kapotezewa siku. Fundi akamwambia, "Ulitaka kutoka au ulitaka kupumzika? Mkeo kasema hajakuona umelala hivyo tangu mwoane." Jamaa akaondoka anacheka. Baadaye nikasikia wamerudi kule kule.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mbishi, na mnafiki kidogo pia, tena nasema kwa upendo. Alitusema mimi na Eliaika kwa sketi fupi, anatutajia kaburi na moto, na sketi zenyewe kashona yeye, na kashona vizuri. Vijana wa bugaluu aliwaambia suruali zao zinafagia barabara bure wakati jiji linalipa wafagiaji, halafu akawauliza kama wanataka waongezewe inchi mbili. Pombe hakuijua, sigara hakuijua, lakini wimbo mpya ukitoka aliujua wote kabla sisi hatujajua kiitikio. Cherehani yake ilifuata pigo. Kuna nyimbo alizishonea kwa kasi mpaka nikahofia vidole vyake. Mimi mwenyewe alinicheka. Alisema nacheza kama mtu anayepanda ngazi, kwa hiyo kila ukumbi alionichagulia ulikuwa na kona ya giza. Haya, nilikubali.

Na Jumapili asubuhi hakukosa kuuliza. Watu walijaa? Mpiga solo alikuwa na furaha? Shati lilimkaa begani? Alikuwa akiniangalia usoni kama mtu mwenye njaa anayeangalia mwenzake akila. Nikawa najiuliza: kwa nini asiende mwenyewe, jamani? Ana miguu, ana suti tatu, anapendwa mlangoni mwa kila ukumbi. Nikiuliza, pini.

Kitu kimoja Fundi hakukijua, au nilidhani hakukijua. Kwa kukaa kwenye benchi miaka mitatu, nilikuwa nimejifunza kusoma vile vipande. Hakunifundisha mtu. Nilimwona akipima, nikaona anapokata, na jioni nikawa najaribu kukisia kipande hiki cha nani, kesho namwona mwenyewe anakuja, nafurahi kimoyomoyo kwamba nimepatia. Kipande rahisi kuliko vyote kilikuwa cha mpiga tarumbeta wa bendi ya shirika letu. Kijana yule alikuwa na mikono mirefu ajabu. Mashati ya dukani yote yalimwishia karibu na kiwiko. Mkato wake wa mkono ulikuwa chini sana, pale ambapo wenzake wana mkato wa kiuno.

Jumatano moja nikarudi kazini nikakuta mezani kwa Fundi kitambaa cha krimplini rangi ya damu ya mzee. Sare ya bendi yetu ilikuwa ya bluu. Damu ya mzee ilikuwa ya bendi ya Ilala, mahasimu wetu. Juu ya kitambaa kile kilikuwa kimebanwa kipande chenye mkato wa mkono mrefu.

Nilielewa pale pale. Na siku ile sikumwambia mtu, hata Eliaika. Nililala nalo.

Alhamisi asubuhi, kwenye chumba cha wapiga chapa, wenzangu wanabishana Jumamosi twende wapi. Mmoja anasema hivi, mwingine vile, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaletea maneno ya Fundi kila wiki, kama tarishi. Siku ile nikatamani kuwa na la kwangu. Nikatamani, kwa mara moja tu, niwe mimi ninayechagua. Nikawaambia, faidini bendi yetu wiki hii na ijayo, maana tarumbeta linahamia Ilala. Wakaniuliza nimejuaje. Nikatabasamu, nikabinya mdomo kama nina pini.

Ulimi hauna mfupa. Kabla ya saa sita habari ilikuwa imefika ghorofa ya juu. Saa nane mkuu wangu akaniletea rasimu ya kuchapa, nakala tatu: mpiga tarumbeta, ambaye kwenye karatasi za ofisi alikuwa karani wa stoo, anahamishiwa ghala la shirika Mtwara kuanzia Jumatatu. Mtwara nayajua maghala yale, ni upande wa kwetu. Hakuna bendi kule. Niliichapa barua ile bila kukosea herufi hata moja, na machozi yananilenga, na sikusimama kusema neno.

Jioni ile nilikuwa kwenye benchi, siwezi hata kuchambua mchele, alipokuja kiongozi wa bendi yetu na wanaume wawili. Hawakumwamkia Fundi. Walikiona kitambaa mezani, wakamuuliza ni nani aliyetoa habari ofisini. Hawakukasirika kwa kijana kutaka kuhama. Hayo huwa yapo. Walitaka kujua kama wao wenyewe, siku wakitaka kuhama, siri zao ziko salama hapa. Fundi alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazirudisha kwenye kopo. Akatazama msumari wenye vipande, akatazama kitambaa. Mimi hakunitazama.

"Ni mimi," akasema. "Nimeropoka."

Wakachukua vitambaa vyao vya bluu, vingine vimekatwa tayari, wakaondoka. Mmoja wao akasema kwa sauti ya kutosha mtaa usikie kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Kesho yake bendi ya Ilala nao wakaja wakachukua chao. Mwezi haukuisha, hakukuwa na mwanamuziki hata mmoja aliyepanda baraza ile. Fundi akawa anashona kaptula za kaki za wanafunzi. Cherehani ilienda polepole, mwendo mmoja, na vipande vyote vilitoka msumarini sijui vikaenda wapi.

Mimi aliendelea kuniitikia marahaba mwanangu, kama kawaida. Aliniuliza habari za kazi. Sikuwahi kujua kama anajua. Kila jioni nilipanga kumwambia, na kila jioni nilipata sababu. Nilikuwa mwoga, sina neno jingine. Baada ya miezi minne nikamwambia Eliaika kelele za Kariakoo zimenishinda, nikahamia Buguruni, ambako kelele ni zile zile. Nikaolewa, nikapata watoto wawili. Nikipita Kariakoo kununua kitu, nilizunguka mtaa wa nyuma.

Ikapita miaka saba tangu barua ile. Siku moja Eliaika, ambaye sasa duka la mjomba liko mikononi mwake, akaja kwangu na ujumbe. Fundi amesema Jumapili niende bugi, lile dansi la mchana, ukumbi wa hapa hapa Buguruni, saa tisa. Niende peke yangu. Nikamuuliza kwa nini ukumbi huo. Eliaika akasema hajui, alipouliza mzee kajaza pini mdomoni.

Usiku huo na unaofuata sikulala vizuri. Jumapili nikavaa gauni la heshima, nikaenda. Bawabu akaniita dada. Sakafu ilikuwa laini. Nilimtafuta Fundi nje, kwenye ukuta, mahali pake. Hakuwepo. Nikaingia, na pale mbele, meza ya karibu na jukwaa, na soda yake, suti ya rangi ya maziwa, nikamwona. Ndani ya ukumbi. Nilisimama nikamtazama kwanza, maana sikuyaamini macho yangu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Nikakaa. Bendi ilikuwa inapanga vyombo. Kwa kuwa sikujua pa kuanzia, nikauliza swali langu la zamani: kwa nini alikuwa haingii kumbini, na leo kaingia. Safari hii alinijibu. Alisema fundi wa bendi zote hawezi kukaa kwenye ukumbi wa bendi moja. Angeonekana Ilala, wa Magomeni wangesema ni mtu wa Ilala, na nani angemletea mikono apime? Basi akajinyima. Zilipomtoka bendi zote alikuwa huru kuingia popote, na aliingia mara mbili. Watu wanapiga kelele mno humu ndani, akasema, nilikuwa nasikia vizuri zaidi kule nje.

Nikamwambia. Nilimwambia yote kwa mkupuo: kitambaa, kipande, wapiga chapa, barua yenye nakala tatu. Alisikiliza akizungusha chupa ya soda.

"Najua," akasema. "Vile vipande nimevikata mimi. Mtaa mzima walioweza kuvisoma walikuwa wawili, na mmoja ni mimi."

Nikamuuliza, nikilia sasa, kwa nini alijitwika kosa langu. Akasema ningetajwa mimi, wangeuliza nimeona wapi, na jibu lingekuwa ni kwenye meza yake. Duka lilikuwa limeshafungwa kwa vyovyote vile. Hakukuwa na haja kazi yangu nayo iende. Hilo lilikuwa limempoza, akasema, na angeweza kufa nalo.

"Sasa umeniita wa nini?"

Akaelekeza kidevu jukwaani. Wapigaji walikuwa wamepanda, wanne wa gitaa, mmoja wa ngoma, na nyuma yao kijana aliyeanza kupata mvi, tarumbeta mkononi. Nilimjua kwa shati kabla ya uso. Mkono wa shati ulifika mpaka kwenye kifundo, sawasawa, haukupungua hata nusu inchi. Kuna mtu mmoja tu mjini aliyeweza kushona mkono ule.

"Amerudi kutoka Mtwara mwezi jana," Fundi akasema. "Miaka saba ghalani. Alikuja barazani, akanipa mkono, akaniambia, mzee, nimekusamehe. Nikamshonea shati. Lawama nimeivaa miaka yote, ilinikaa. Lakini msamaha huu umenishinda, mwanangu. Sikupimwa mimi. Ni koti la mtu mwingine, na mwenyewe yupo."

Wakapiga nyimbo tatu. Tarumbeta lilikuwa na kutu kidogo kwenye wimbo wa kwanza, wa pili na wa tatu lilikuwa lenyewe. Sikucheza, sikutikisa hata mguu. Nilielewa sasa kwamba ukumbi huu nao nilichaguliwa, kama zile nyingine zote, kwa kanuni ile ile ya ni mzuri kwa nani. Walipopumzika nikainuka. Kutoka meza ile mpaka jukwaani ni hatua kama kumi na tano. Nilizipanda kama ngazi.

"Kaka," nikamwambia, "hunijui. Mimi ndiye niliyechapa barua yako ya kwenda Mtwara. Na mimi ndiye niliyesema ofisini kwamba unahama. Fundi hakusema neno. Hajawahi kusema neno lako kwa mtu."

Hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Alitazama mkono wa shati lake, akautazama tena, kama mtu anayesoma.

"Kwa hiyo nimemsamehe mzee wa watu bure."

"Bure kabisa."

Tukageuka sote wawili. Meza ya mbele ilikuwa na chupa ya soda, nusu, na kiti kitupu. Fundi alikuwa ametoka. Sikuwa na haja ya kuambiwa yuko wapi. Kijana akaniwekea tarumbeta mikononi, akaruka kutoka jukwaani, akapita katikati ya watu kuelekea mlangoni, na kule nje, upande wa ukutani, nikasikia anaita, "Mzee! Mzee, subiri!" Mpiga ngoma akaniuliza wimbo unaofuata unaanza lini. Nikamwambia sijui. Nikabaki nimesimama pale mbele ya ukumbi mzima, mahali penye taa kuliko pote, nimekumbatia tarumbeta la watu.